Kwa nini ndege ya posta ya London ilikomea Mwanza, si Nairobi

SWALI: Katika sanduku la marehemu babu tumekuta bahasha yenye muhuri wa posta wa Mwanza wa Mei 1931, kibandiko cha buluu cha barua za ndege, na anwani ya London. Babu alikuwa akisimulia kwamba eropleni za kwanza za Wazungu zilikuwa zinatua ziwani. Vijana hapa nyumbani wanabisha; wanasema ndege za Ulaya zilianzia Nairobi, Mwanza wakati huo haikuwa kitu. Nani yuko sahihi? Barua ile ilipita wapi? Kama kweli ndege ilikuwa inafika Mwanza, kwa nini ikaacha? Na bahasha yenyewe tuifanyeje?

JIBU: Babu alisema kweli, na muhuri huo ni shahidi wake. Huduma ya kwanza ya kila wiki ya kampuni ya Imperial Airways kuja Afrika Mashariki iliondoka London Jumamosi, tarehe 28 Februari 1931, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza. Hali hiyo ilidumu miezi kama kumi na moja. Muda wote huo, mtu akitaka kuonyesha kwenye ramani ncha ya kusini ya njia ya anga ya Waingereza barani Afrika, kidole kilitua kusini mwa Ziwa Victoria.

Vijana nao wana chembe ya ukweli. Nairobi ilikuwa na kampuni yake ya ndege tangu Julai 1929, Wilson Airways, iliyoanzishwa na Bibi Florence Kerr Wilson akiwa na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye injini moja na viti viwili vya wazi. Uwanja wa Wilson wa leo umebeba jina la huyo mama. Kwa hiyo Nairobi ndege zilikuwepo. Zilikuwa za kukodi na za safari za jirani, hazikuwa za njia ya London.

Sasa tuje kwenye kiini: kwa nini Mwanza? Jibu fupi ni maji.

Anayetaka kuanzisha njia ya anga ya kilomita maelfu katika bara lisilo na viwanja ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kufyeka msitu, kung'oa visiki na vichuguu, kusawazisha ardhi na kuweka mtu wa kuuangalia uwanja kila baada ya kilomita mia tatu au nne, kisha mvua ya masika ikinyesha uwanja ugeuke tope na ndege izame magurudumu. Au anaweza kufuata maji yaliyokwisha kusawazishwa na Mungu. Kutoka Khartoum kuja kusini maji hayo yapo: Mto Nile, halafu Ziwa Victoria. Ndege yenye tumbo la mashua inatua mtoni Malakal na kuendelea hadi Port Bell, Kisumu na Mwanza bila mtu kung'oa kisiki hata kimoja. Ukiangalia ramani, Mwanza ndipo maji hayo yanapoisha upande wa kusini. Ndege ilikomea pale ambapo uwanja wake ulikomea.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ni reli. Tawi la kutoka Tabora lilikuwa limefika Mwanza mwaka 1928. Gunia la barua likishushwa gatini Mwanza lingeweza kupakiwa kwenye treni kwenda Tabora, Kigoma, Dodoma na Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Kisumu walikuwa na reli tangu 1901, kwa hiyo barua za Nairobi na Mombasa zilishuka huko. Yaani ndege moja ilikuwa inalisha reli mbili, na meli za ziwani zikichukua zilizobaki. Wazo hili halikuzuka ghafla. Rubani Mwingereza Alan Cobham alikwisha kuruka London hadi Cape Town na kurudi kati ya Novemba 1925 na Machi 1926, na mwaka 1927 na 1928 akalizunguka bara zima kwa ndege kubwa ya majini aina ya Short Singapore. Safari zake zilionyesha wapi pana maji ya kutosha na wapi hapana.

Ndege iliyokuwa ikifika Mwanza ni Short Calcutta, na inastahili kutazamwa kwa karibu, maana watu wengi wakisikia ndege ya majini hufikiria kidege chenye maboya mawili chini. Calcutta haikuwa hivyo. Ilikuwa mashua kamili ya bati la duralumini, yenye mabawa mawili yaliyopangana, upana wa mita 28 kutoka ncha hadi ncha, na injini tatu za Bristol Jupiter, kila moja nguvu farasi 540, zilizoning'inia katikati ya bawa la juu na la chini ili maji yanayoruka yasizifikie. Abiria 15 walikaa ndani ya tumbo la mashua. Marubani wawili walikaa mbele juu, kichwa wazi, wakipigwa na mvua na jua. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 155 kwa saa. Basi la leo la Mwanza hadi Dar halikimbii hivyo, lakini pikipiki nzuri inaweza. Mwanza hadi Kisumu, kama kilomita 330 juu ya ziwa, ni saa mbili na ushee.

Kuiondoa majini ni kazi yenye hatua zake. Ndege ya majini haina breki, kwa hiyo injini ikishawaka tu imeanza safari. Ndiyo maana injini hupashwa moto ndege ikiwa imefungwa kwenye boya, au ikielea mahali penye nafasi. Kabla ya hapo fundi alikuwa ameshafua maji ya ngama, yaani yale yanayojikusanya chini ndani ya mashua, kwa sababu mashua ya bati lenye maelfu ya ribiti haikosi kuvuja kidogo usiku, na kila lita ya maji ni kilo moja ya barua iliyobaki gatini. Motaboti inatangulia kupita kwenye njia ya kuruka kutazama magogo, mitumbwi ya wavuvi, vijisiwa vya mafunjo vinavyoelea, na viboko. (Gugu maji tunalolilalamikia leo lilikuwa halijafika Ziwa Victoria.) Ndege inageuzwa kuukabili upepo, injini zinafunguliwa, na kwa sekunde kadhaa inalima maji kama tishali lililozidiwa mzigo. Kisha inapanda juu ya kidato. Kidato ni ngazi iliyokatwa kwenye tumbo la mashua, nyuma kidogo ya katikati. Kazi yake ni kuingiza hewa chini ya bati ili maji yaachie. Pasipo kidato, maji hunyonya mkuku na ndege haing'oki hata injini zikivuma vipi.

Jambo la ajabu kwa asiyejua ni kwamba ziwa tulivu ndilo baya zaidi. Maji yakilala kama kioo yanashika tumbo la ndege, na njia ya kuruka inarefuka mno. Dawa yake ilikuwa kuituma motaboti izunguke mbele ya ndege ivuruge maji. Wakati wa kutua kioo hicho kinaua kwa namna nyingine: rubani anaona mawingu yakiakisiwa chini na hajui kama amebakiza mita 10 au 2. Anayefahamu hushuka polepole sana akiwa sambamba na ufuko, akipima kimo kwa miti na mawe badala ya maji. Mchana nao, joto la nchi kavu likipanda, dhoruba hujikusanya haraka nchi kavu kuzunguka ziwa. Kwa hiyo ratiba ilikuwa ya alfajiri: watu waliamshwa usiku, wakapelekwa gatini kwa taa, na ndege ikawa angani jua linapochomoza. Huku ziwani usiku hawakuruka.

Mafuta yalikuwa yanakuja kwa debe. Sisemi hivi kwa mfano. Ni debe lenyewe, lile la bati la galoni 4 za Kiingereza, kama lita 18, yakipangwa mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Ukihitaji lita 900 unafungua madebe 50, moja baada ya jingine, ukimimina kwenye faneli iliyotandikwa ngozi laini. Ngozi hiyo inapitisha petroli na kuzuia maji. Ukiruka hatua hiyo kwa haraka, matone machache ya maji yanakaa kwenye kabureta na injini inakohoa ukiwa juu ya mafunjo ya Sudan. Madebe matupu hayakutupwa. Kama nyumbani kwa bibi kulikuwa na debe la kupimia mahindi, ukoo wake ni huo huo wa petroli na mafuta ya taa.

Sasa barua ya babu. Ilitoka Mwanza ndani ya gunia lililofungwa na kupigwa lakiri, likaorodheshwa, likapimwa. Calcutta ikalibeba hadi Kisumu, Port Bell, kisha kufuata Nile hadi Khartoum. Hapo gunia likahamishiwa ndege ya magurudumu, Argosy ya injini tatu, kwa sababu Khartoum hadi Cairo ni jangwa kavu, tambarare, lenye viwanja vizuri. Cairo hadi Alexandria likapanda treni. Alexandria likarudi kwenye ndege ya majini kuvuka Mediterania kupitia Krete, ambako kampuni ilikuwa imeweka merikebu yake katika ghuba ya Mirabella iwe ghala la mafuta na kituo cha redio. Kutoka Ugiriki likavuka Ulaya, sehemu kwa ndege na sehemu kwa treni kulingana na msimu.

Treni hiyo ya Ulaya huwashangaza wengi. Barua ya ndege kupanda treni? Sababu ilikuwa siasa. Mwaka 1929 Italia iligombana na Waingereza kuhusu njia hiyo na kuwanyima ruhusa ya kupita bandari zake walivyotaka. Baadaye suluhu ikawa abiria kuruka London hadi Paris, kulala ndani ya treni kutoka Paris hadi Brindisi, kisha kupanda ndege ya majini. Miaka kadhaa mtu aliyekata tiketi ya ndege alivuka Alps na nusu ya Italia kwa gari moshi. Ukiunganisha yote, safari ya barua ilikuwa wiki moja na siku kadhaa. Leo tunacheka, lakini kwa meli kupitia Suez na Mombasa, ukiongeza reli na meli ya ziwani, barua hiyo ingechukua karibu mwezi.

Hapa niseme jambo ambalo historia nyingi za ndege hulipita haraka zikikimbilia picha za abiria wenye kofia: mwenye ndege alikuwa gunia la barua. Abiria alikuwa nyongeza. Imperial Airways iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha kampuni nne ndogo zilizokuwa zikifilisika, ikapewa ruzuku ya serikali ya pauni milioni 1 kwa miaka 10, na kazi iliyotarajiwa kwake ilikuwa kuifungamanisha dola kwa posta. Fanya hesabu mwenyewe. Abiria wa njia za mbali alihesabiwa kilo 100, yeye mwenyewe pamoja na mizigo yake. Ndiyo, mtu alipandishwa kwenye mizani pamoja na sanduku. Barua ya nusu wakia ni gramu 14. Nafasi ya mtu mmoja inabeba barua kama 7,000, na barua haili, hailali hotelini, haiugui kichefuchefu, wala hailalamiki ndege ikichelewa siku mbili Malakal. Magunia yakizidi, kiti cha abiria ndicho kilichoachwa.

Kwa nini basi Mwanza ikaachwa? Kwa sababu lengo halikuwa Mwanza tangu mwanzo. Lengo lilikuwa Cape Town, na kusini mwa Mwanza maji yanageuka kuwa miombo na nchi kavu. Desemba 1931 kampuni ilijaribu kupeleka barua za Krismasi hadi Cape. Ndege iliyomaliza kipande cha mwisho, DH.66 iliyoitwa City of Karachi, ilifika tarehe 21 Desemba. Tarehe 20 Januari 1932 njia ya posta London hadi Cape Town ikafunguliwa rasmi, na tarehe 27 Aprili mwaka huo ikafunguliwa kwa abiria: siku 10, nauli pauni 130. Njia mpya iliacha maji Kisumu. Hapo mtu alishuka kwenye Calcutta akapanda ndege ya magurudumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Rhodesia na kuendelea. Kuipeleka ndege Mwanza na kuirudisha ilikuwa ni kupoteza siku kwa gunia dogo. Mwanza ikabaki pembeni, na Nairobi ikawa njia panda. Hapo ndipo kumbukumbu ya vijana wako inapoanzia.

Njia ya nchi kavu ilileta taabu yake, na taabu hiyo ni mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kama asilimia 10 kuliko ya pwani. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700, na hapo upungufu ni kama asilimia 15, kabla hujaongeza joto la mchana. Hewa nyepesi inakuibia mara tatu kwa mpigo: bawa linainua kidogo, pangaboi linavuta kidogo, na injini isiyo na kikandamiza hewa inapata oksijeni kidogo, kwa hiyo nguvu farasi zilizoandikwa kiwandani hazipo. Ndege iliyopaa vizuri Dar es Salaam na mzigo kamili ingeweza kuumaliza uwanja wa Mbeya bila kuinua magurudumu.

Imperial waliagiza ndege kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Armstrong Whitworth Atalanta iliruka mara ya kwanza Juni 1932, na zikajengwa 8. Ilikuwa na bawa moja la juu, injini 4, abiria 9 tu, na sharti lake kuu lilikuwa hili: injini moja ikizimika, ndege iweze kubaki futi 9,000, yaani kama mita 2,700. Ukiijua nchi kati ya Kisumu na Mbeya utaelewa sharti hilo lilitoka wapi. Mwaka 1933 zikachukua kipande cha Kisumu hadi Cape. Kwa macho yangu hiyo ndiyo ndege ya kwanza ya njia hii iliyobuniwa na mtu aliyeitazama Afrika kwanza. Nyingine nyingi zilikuwa ndege za Ulaya zilizoletwa huku kubahatisha. Kipande cha kaskazini, Cairo kuja Kisumu, kilihudumiwa na majitu ya Handley Page HP.42, yenye mabawa mawili na starehe nyingi, ambayo mwendo wake haukuzidi sana kilomita 160 kwa saa.

Wilson Airways hawakufa kwa ujio wa wakubwa; walineemeka. Wakawa walishaji: barua zinashuka kwenye ndege kubwa, wao wanazisambaza kwa Puss Moth, Dragon na baadaye Dragon Rapide kwenda Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Shughuli zao zilikoma vita vilipokuja, mwaka 1940. Pengo hilo lilizibwa baadaye na East African Airways iliyoanza kuruka mwaka 1946, nayo pia kwa Dragon Rapide.

Mnauliza pia, bila kusema wazi, kama njia hii ilikuwa salama. Haikuwa. Nitatoa visa viwili tu, kwa sababu vinaonyesha vyanzo viwili tofauti vya ajali.

Cha kwanza ni mafuta. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935, Calcutta iliyoitwa City of Khartoum ilikuwa inakaribia bandari ya Alexandria ikitokea Krete. Injini zote tatu zikazimika karibu kwa pamoja. Injini moja ikizimika unashuku injini. Tatu zikizimika kwa pamoja unashuku tangi. Mafuta yalikuwa yamekwisha, taa za mji zikiwa zinaonekana. Watu 12 walikufa, akapona rubani peke yake. Magunia ya barua yaliopolewa, ndiyo maana ziko bahasha za safari hiyo ambazo wino umesambaa na stempu zimebanduka kwa maji ya chumvi.

Cha pili ni kupotea njia. Tarehe 14 Machi 1939, ndege kubwa ya majini ya kizazi kipya, Corsair, iliondoka Port Bell kwenda Juba. Kifaa cha redio cha kutafutia mwelekeo kikampotosha rubani hadi Kongo ya Wabelgiji. Mafuta yakiwa yanaisha, akatua kwenye mto Dungu, karibu na Faradje. Kutua alitua; ndege ikagonga mwamba ndani ya maji ikatoboka. Abiria walitoka hai. Mafundi wakaiziba pale pale porini, wakajaribu kuirusha, ikagonga mwamba tena. Mto ulikuwa mwembamba na maji machache. Mwishowe waliuziba mto kwa bwawa ili maji yapande, na tarehe 6 Januari 1940 ikang'oka. Karibu miezi kumi, barabara na bwawa zima, kwa ajili ya ndege moja: hiyo ndiyo thamani iliyokuwa nayo wakati wa vita, ambapo huwezi kuagiza nyingine.

Corsair ilikuwa moja ya ndege 28 za Short Empire ambazo kampuni iliziagiza kwa mkupuo mwaka 1935 kabla hata moja haijaruka. Injini 4, abiria 24, mwendo wa kilomita 265 kwa saa, na nafasi ya tani moja na nusu ya barua. Ziliagizwa hivyo kwa sababu Uingereza iliamua barua zote za kawaida za dola ziende kwa ndege bila malipo ya ziada: peni moja na nusu ya Kiingereza kwa nusu wakia. Kwa Afrika mpango huo ulianza tarehe 29 Juni 1937, ndege Centurion ilipoondoka Southampton. Njia ikarudi kwenye maji, ila safari hii si ya kuishia Mwanza. Kutoka Kisumu ndege ilikata hadi Mombasa, ikafuata pwani: Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, Lourenço Marques (Maputo ya leo), Durban. Watu wa Lindi walikuwa wanaona ndege ya London ikitua bandarini kwao kabla mji huo haujapata barabara ya maana.

Turudi kwenye bahasha yenu. Tazameni stempu kwanza. Mei 1931 zinatakiwa ziwe za Tanganyika, zenye picha ya mfalme George wa 5 na maandishi ya Kiingereza yanayotaja nchi iliyo chini ya udhamini. Toleo hilo lilianza 1927. Mkiona stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, basi kuna kasoro, kwa sababu hizo zilianza 1935: ama mmeisoma vibaya tarehe, ama mtu amechezea bahasha. Pili, geuzeni nyuma. Muhuri wa mji wa njiani au wa kufikia, ukiwepo, utawapa idadi halisi ya siku, na hiyo ni bora kuliko makadirio yangu. Tatu, jumlisheni thamani ya stempu. Barua ya ndege ililipiwa ada ya kawaida na ya ziada juu yake, kwa hiyo jumla kubwa kwenye bahasha nyembamba ni dalili nzuri kwamba ilisafiri kwa ndege kweli, maana kibandiko cha buluu mtu yeyote anaweza kukibandika.

Kuhusu bei, msitarajie utajiri. Wakusanyaji hukimbilia bahasha za safari ya kwanza, za Februari na Machi 1931. Ya Mei ni ya safari ya kawaida. Lakini nyingi za safari ya kwanza zilitumwa na wakusanyaji wenyewe, na mara nyingi hazina kitu ndani. Yenu ni ya mtu aliyekuwa na neno la kusema. Swali ambalo ningelifuatilia ni bahasha iliyotumwa London ilirudi vipi kwenye sanduku la babu Mwanza: je, mwenye anwani hakupatikana ikarudishwa? Tafuteni alama ya kurudishwa, mkono mwingine wa kalamu juu ya anwani, au muhuri wa pili wa Mwanza wenye tarehe ya mbele.

Msibandue stempu kwa maji. Msiiunganishe kwa selotepu. Gundi yake inageuka kahawia na haitoki. Msiipeleke kwa mpiga picha akaitie plastiki ya moto. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu, hutoa mvuke unaoharibu karatasi. Tafuteni ya poliyesta, au tumieni karatasi nyeupe isiyo na tindikali, na muiweke mahali pakavu mbali na jua. Pigeni picha pande zote mbili sasa hivi. Kama barua bado imo ndani, itoeni mara moja, muikunjue taratibu, muihifadhi ikiwa imenyooka kando ya bahasha, kwa sababu karatasi ya miaka tisini hukatikia kwenye mikunjo.